Fahamu: Mkondo wa sanaa katika Sekondari Pevu

Ni nini?
Ni mmoja wa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu nchini Kenya, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026. Pamoja na michezo, una uchoraji, muziki na densi, tamthilia na filamu.

Mbona shule za kibinafsi hutajwa mkondo huu ukizungumziwa?
Sanaa ni ghali. Inahitaji tanuri la kuchomea vyungu, piano, taa za jukwaa, kompyuta za kuhariri filamu na, zaidi ya yote, walimu. Baadhi ya shule za kibinafsi, hasa za mtaala wa Uingereza, zilikuwa na vifaa hivyo na walimu hao tangu zamani, kwa karo inayomtoa mzazi jasho.

Mzazi aangalie nini?
Aingie chumba cha sanaa kabla ya kulipa. Akikuta brashi zimekauka rangi na udongo umepasuka ndooni, somo hilo liko kwenye brosha tu.