Mngurumo wa Gari Linalojibadilishia Gia

Askari aliyepata kulinda barabara usiku mjini Gisenyi hulijua gari kwa sikio kabla ya kuliona. Lori litokalo upande wa Ruhengeri, ambayo leo huitwa Musanze, hunguruma kwa vipande: sauti hupanda, hukatika dereva akanyagapo klachi, kisha huanza upya katika gia nyingine. Gari linalojibadilishia gia halina mkatiko huo, na yale ya mwanzo yaliwatatanisha hata wenye kuyaendesha.

Asili ya mtambo huo ni melini. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alibuni njia ya kuunganisha injini na rafadha kwa majimaji: pangaboi moja husukuma majimaji, nayo huzungusha pangaboi la pili, bila chuma kugusana na chuma. Mwishoni mwa 1939 kampuni ya General Motors ilitoa giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile, yenye gia nne za kwenda mbele na isiyo na kanyagio la klachi. Wala haikuwa na nafasi ya kuegeshea. Dereva alizima injini, akatia rivasi, gari likajifunga.

Vita vikaipeleka mbali zaidi. Injini za ndege zilipohitajika angani, kifaru chepesi M5 cha Marekani kilipewa, tangu 1942, injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Kikawa na kelele kidogo kuliko kilichokitangulia, na kurutu alijifunza kukiendesha upesi. Kwa askari wa doria, ukimya huo si jambo dogo.

Kinyume chake ni Dynaflow ya Buick, ya mwaka 1948. Injini ilivuma kwanza, mwendo ukafuata baadaye. Watu wakadhani kitu kinateleza, na kweli kiliteleza: tofauti hiyo ya mzunguko ndiyo iliyozidisha nguvu zaidi ya mara mbili wakati wa kuondoka. Gharama yake ilikuwa joto na petroli.

Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Mlimani giaboksi hushuka gia na kelele huzidi; huo si ugonjwa.

Hatari iko kwenye mteremko. Barabara hupita zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuangukia Ziwa Kivu. Mkono ukiwa kwenye D na mguu ukiinuliwa, giaboksi hupanda gia, mngurumo hufifia, na dereva hufurahia utulivu huku breki zikibeba uzito wote hadi zinachemka na kukataa kushika. Kutia gia huru ni kubaya zaidi. Mkono ushushwe hadi L au 2 huko juu, kabla mteremko haujaanza. Injini itapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo inayolizuia gari.

Naye askari wa zamu huko chini, akiona gari zito laja kwa kasi na kimya, awaondoe watu barabarani kwanza. Leseni itakaguliwa baadaye.