Mgeni Mwenye Chaki

Vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hufunga mwaka wa masomo kati ya Mei na Juni, na muda si mrefu mitaa ya Moshi na Arusha hujaa vijana wenye mabegi ya mgongoni. Wako waliokuja kupanda mlima, wako waliokuja kuona wanyama, na wako wengi waliokuja kujitolea kufundisha Kiingereza. Hao wa mwisho hukutana na tatizo kabla hawajashika chaki. Juni ndio mwezi ambao shule za Tanzania huenda likizo ya katikati ya mwaka. Zinapofunguliwa Julai, aliyekuja kwa wiki nne ameshaanza kuaga. Akichagua Kenya na kufika Agosti, atakuta milango imefungwa vilevile. Matangazo ya safari hizi niliyoyasoma hutaja tarehe za ndege, chakula, chumba na vivutio vya jirani. Kalenda ya shule sijaiona hata mara moja.

Jambo hilo dogo linaeleza mengi. Ufundishaji wa kujitolea mara nyingi hupangwa kwa kufuata likizo ya anayetoa, na anayepokea ndiye anayejipinda. Mimi nafundisha walimu wa lugha, na sina ugomvi na moyo wa vijana hawa. Ninachotaka kuwaeleza wazazi na wakuu wa shule ni namna lugha inavyojifunzwa darasani, na kwa nini muda na mpangilio huamua kama mgeni atasaidia au atapitisha siku tu.

Tupige hesabu. Tuseme Darasa la Nne lina vipindi vitano vya Kiingereza kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Kwa wiki nne zinapatikana dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20, ikiwa hakuna mvua kubwa, mtihani wa mwezi wala ugeni wa mkaguzi. Taasisi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria kwamba anayeanza huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike ngazi ya A2, ile ya kujieleza kwa mambo mepesi ya kila siku. Sasa ligawe lile fungu la dakika 800 kwa darasa la watoto 80: kila mtoto anapata dakika kumi za mgeni. Na hizo ni za mwezi mzima.

Kibaya zaidi, dakika hizo haziungani na za kabla wala za baada yake. Mwalimu wetu ana azimio la kazi la muhula na andalio la somo la kila kipindi. Leo anafundisha wakati uliopita kwa sababu wiki ijayo kuna habari fupi ya kuandika. Mgeni asiyeoneshwa azimio hilo huanza pale anapopajua, yaani rangi, wanyama na viungo vya mwili. Akiondoka anakuja mwingine, naye anaanza na rangi. Kuna shule ambako watoto wanaweza kukutajia sehemu zote za uso wa binadamu kwa Kiingereza safi, lakini ukiwauliza jana walifanya nini wanakutazama tu.

Watu hudhani aliyezaliwa na lugha ndiye mwalimu wake bora. Masikio yake ni mazuri, hilo sibishi. Lakini hajui mtoto anatokea wapi. Chukua swali la kukanusha. Kwa Kiswahili nikikuuliza, “Hujaelewa?” nawe hujaelewa, utajibu, “Ndiyo,” ukikubaliana na nilichosema. Kwa Kiingereza jibu la hali hiyohiyo huanza na “No.” Kijana kutoka Toronto analiuliza darasa zima, kwa Kiingereza, kama hawajaelewa, nalo linaitikia kwa pamoja, “Yes!” Yeye anafurahi na kufuta ubao. Mwalimu mwenyeji angelijua kosa hilo kwa kusikia tu, kwa kuwa naye alilipitia. Ndivyo ilivyo pia mtoto anapochanganya “he” na “she.” Mgeni huona uzembe, lakini mtoto ana “yeye” mmoja anayemtosha mama na baba.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanagusa pande zote za jambo hili. Michael Kremer alimaliza shahada ya kwanza Harvard mwaka 1985, akaja kufundisha katika shule ya sekondari karibu na Kakamega, magharibi ya Kenya. Baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa WorldTeach, shirika lililoanza Harvard mwaka 1986 kwa lengo la kupeleka vijana kufundisha nchi za nje. Angeweza kuishia hapo na kumbukumbu nzuri. Akarudi Kenya akiwa mchumi, na katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walifuatilia shule 100 za msingi katika eneo la Busia na Teso. Shule 25 kati yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zilitangulia kupewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa wakiongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Walikuwa wamepewa kitu wasichoweza kukisoma. Utafiti huo ulichapishwa 2009, na mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya aina hiyo ya kupima kinachosaidia maskini na kisichosaidia.

Kilichotokea kwa vitabu ndicho hutokea kwa mgeni anayezungumza Kiingereza tupu mbele ya watoto 80. Watano wa dawati la mbele humfuata, humjibu, humchekesha. Jioni anaandika nyumbani kwao kwamba darasa lake ni hodari. Wale 75 wamekaa kimya kwa adabu, na kwetu ukimya wa mtoto mbele ya mgeni ni jambo la kusifiwa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Si kwamba mpangilio mzuri haujulikani. Mwaka 1961, nchi za Afrika Mashariki zilipohitaji walimu wa sekondari upesi, mpango ulioitwa Teachers for East Africa, uliosimamiwa upande wa Marekani na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulileta wahitimu wa vyuo kwa mikataba ya miaka, wala si wiki. Wengi walipelekwa kwanza Makerere, Kampala, wakasomee ualimu hapohapo kabla ya kuingia darasani. VSO, asasi ya kujitolea ya Uingereza, ilianza 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka sekondari. Baadaye ikageuka na kutafuta watu wenye taaluma. Japani nayo, tangu 1987, huajiri vijana wa kigeni kupitia mpango wa JET. Lazima wawe na shahada, mkataba ni wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na wanaokwenda darasani huitwa wasaidizi. Mwalimu wa Kijapani ndiye mwenye somo, na mgeni ni sauti ya pili chumbani.

Sauti ya pili. Hapo ndipo mwanafunzi wa chuo asiye na cheti cha ualimu anapofaa kweli. Mwalimu akieleza kanuni kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, mgeni anaweza kufanya mazungumzo naye mbele ya darasa, kusoma hadithi kwa sauti, kukaa na watoto sita chini ya mwembe wakati wengine wanaandika. Anaweza kuendesha klabu ya mjadala baada ya vipindi. Kidato cha Kwanza kinamhitaji zaidi kuliko shule ya awali anakopelekwa mara nyingi, kwa sababu mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali ya Tanzania kwa Kiswahili miaka saba hujikuta ghafla akifundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Tena kuna kazi ambayo haipigwi picha: kuzungumza na walimu wenyewe ofisini, saa moja kila siku. Mwalimu aliyeongeza ujasiri wa kuzungumza atautumia miaka ishirini, kwa madarasa yote atakayoyashika.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi Tanzania hata kama halipwi. Wanaojitolea wana utaratibu wao wa vibali, na shule inayompokea asiye na kibali inajiingiza matatani. Cheti cha polisi cha mwenendo kutoka nchi yake kidaiwe bila haya. Na anayeahidiwa kufundisha katika kituo cha yatima atulie kwanza. Mwaka 2018 Australia ilipojadili sheria yake ya utumwa wa kisasa, ilikiri kwamba kuna watoto wanaotolewa kwa wazazi wao na kuwekwa vituoni ili kuvuta fedha za wageni.

Sasa geuza safari. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakienda vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Wanatakiwa kuwa na shahada na Kiingereza kilichopimwa. Hukaa mwaka mzima wa masomo, hufanya kazi chini ya msimamizi wa idara, na wao wenyewe husoma kozi chuoni hapo. Sijui chuo cha Marekani ambacho kingemwachia mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Dodoma darasa la Kiswahili kwa wiki tatu, kwa sifa ya kuwa alizaliwa nacho. Na hakuna anayewaona Wamarekani kuwa wakali kwa hilo.

Mkuu wa shule wa Rombo au Kilifi naye ana haki ya kuandika masharti. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tarehe za muhula, jina la mwalimu atakayefanya naye kazi, muda usiopungua muhula mmoja kama atagusa vipindi, na kama ana wiki nne tu, basi klabu na ofisi ya walimu. Aombwe kujifunza Kiswahili kidogo kabla ya kupanda ndege, angalau ajue “Ndiyo” ya mtoto ina maana gani. Wiki ya kwanza akae kiti cha nyuma na daftari, asikilize mwenyeji akifundisha. Asiyetaka kukaa nyuma, mlima upo, na hauhitaji andalio la somo.