Vyombo vya Habari: Maana na Matumizi Yake

Istilahi "vyombo vya habari" hutumiwa sana maofisini na madarasani, lakini aghalabu bila kupambanua kilichokusudiwa. Kwa istilahi hii tunakusudia njia zote, pamoja na asasi zinazoziendesha, ambazo hukusanya habari na kuzifikisha kwa umma.

Vyombo vilivyozoeleka ni vya aina mbili. Kwanza ni vyombo vya maandishi, yaani magazeti na majarida. Gazeti hutoka kila siku au kila juma. Jarida hutoka kwa vipindi virefu zaidi. Mambo Leo, kwa mfano, lilianza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923. Pili ni vyombo vya utangazaji, yaani redio na televisheni. Redio ilianza kusikika kutoka Dar es Salaam mwaka 1951.

Dhima ya vyombo vyote ni kuarifu, kuelimisha na kuburudisha, ila kila kimoja kina uwezo wake. Maandishi hukaa: husomwa tena, huhifadhiwa, na huweza kuwa ushahidi. Sauti hupita, lakini humfikia hata asiyejua kusoma. Ndiyo maana katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 redio na vijitabu vilitumiwa pamoja, wananchi wakisikiliza na kujadiliana katika vikundi.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kuwa mwangalifu na kitenzi "kutangaza". Mtangazaji wa redio hutangaza. Mfanyabiashara hutangaza bidhaa. Ofisi nayo hutangaza zabuni. Waraka usemao tu "jambo hili litangazwe" haumwelezi msomaji kama lisomwe redioni, lichapishwe gazetini, au libandikwe ubaoni. Mwanakijiji asiyepata gazeti aweza kupitwa na siku ya mwisho ya kuleta pingamizi kwa sababu ya neno hilo moja.

Hatari ni kubwa zaidi katika lugha ya sheria. Gazeti la Serikali si gazeti la habari. Ni chapisho rasmi la sheria, kanuni, uteuzi na matangazo ya Serikali. Sheria inapoagiza tangazo litolewe humo, mfasiri akaandika "gazetini" tu, amebadili agizo lenyewe.

Tunashauri, basi, "vyombo vya habari" litumike pale vyote vinapokusudiwa. Kinapokusudiwa kimoja, kitajwe kwa jina lake.