Maskani ya Chombo cha Matanga

Mwenye chombo cha matanga akusudiaye safari za masafa marefu aghalabu huvutiwa kwanza na uzuri wa gati na unafuu wa kodi, ilhali jambo lililo aula kutazamwa ni upepo, kwani bandari iliyo shwari wakati wa kaskazi yaweza kuwa adhabu tupu kusi livumapo. Hori la Kilifi, katika pwani ya Kenya, lasifiwa na mabaharia kwa kina chake na kwa jinsi lilivyokingwa na nchi kavu. Walakini mlango wake wapita kati ya miamba, na daraja lililofunguliwa mwaka 1991 laweza kumzuia mwenye mlingoti mrefu asiingie ndani zaidi, basi na aupime kabla hajalipa kodi.

Bamvua nalo lina hukumu yake: maji hupwa na kujaa kwa takriban mita 3, na mkuku ulioelea alfajiri waweza kukwama mchangani kabla ya adhuhuri. Kisha aulizie maji matamu, fundi hodari, umbali wa afisi ya forodha, na mlinzi mwaminifu, ambaye kwa rai yangu ashinda gati lolote.