Samaki Katika Sanduku la Kioo

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na katika nyumba kadhaa za miji ya kwetu, watu hufuga samaki ndani ya sanduku la kioo. Hawawafugi wapate kuwala, bali wapate kuwatazama. Jioni mwenye nyumba huketi mbele ya kioo, akaona samaki wakipita kati ya majani kana kwamba yeye yuko chini ya mto. Baadhi ya samaki hao asili yao ni mto wetu Kongo.

Basi, watoto, sikilizeni jambo hili. Mtu ananunua sanduku jipya. Analijaza maji safi kabisa, anatia samaki 10 siku ile ile. Maji yanang'aa, chakula kipo, hakuna mvuvi wala ndege wa kuwakamata. Lakini baada ya siku chache samaki wanapanda juu ya maji, wanatweta, na mmoja mmoja wanakufa. Nani amewaua?

Uchafu wao wenyewe ndio uliowaua. Samaki hula, na alaye hutoa uchafu. Sehemu kubwa ya uchafu wa samaki hutoka katika matamvua, yaani pale anapopumulia, nayo huyeyuka ndani ya maji, isionekane kwa macho. Jina lake ni amonia. Harufu yake mmekwisha kuinusa: ni ile harufu kali iwashayo pua mlangoni mwa zizi la mbuzi lisilofagiwa. Katika mto amonia haidhuru, kwa sababu maji ni mengi nayo hupita. Katika sanduku maji hayaendi popote. Ni sawa na watu waliofungiwa katika chumba kidogo chenye moto wa makaa, na dirisha limezibwa.

Lakini, mtasema, mbona katika masanduku mengine samaki huishi miaka mingi? Ni kwa sababu humo mna wafanyakazi wasioonekana. Ni vijidudu, ndio mikrobi. Msidhani mikrobi zote huleta magonjwa. Ziko nyingi zitusaidiazo. Mtaalamu Mrusi, Sergei Winogradsky, alizichunguza hizi katika udongo, akaeleza kazi yao mwaka 1890, alipokuwa Zürich katika nchi ya Uswisi. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa kitu kiitwacho nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuigeuza iwe ya kahawia, hata isiweze kuchukua hewa. Ndipo kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati. Hiyo haina ukali mwingi, na majani yaotayo majini huitumia kama mbolea.

Mikrobi hizi haziogelei sana. Hushika juu ya mchanga, mawe, na zaidi ya yote katika sponji ya chujio, mahali ambapo pampu ndogo hupitisha maji yenye hewa. Sanduku jipya halina mikrobi za kutosha, na tena hazizaliani upesi. Kwa hiyo mwenye busara huanza bila samaki. Hutia mchanga uliooshwa, mawe, majani na maji, huwasha pampu, kisha kila siku hutupa chakula kidogo cha samaki kama chumvi ya kubana kwa vidole. Chakula kinaoza, amonia inatoka, na mikrobi zinapata riziki. Kazi hii huchukua majuma 4 hadi 6, pengine zaidi maji yakiwa ya baridi. Akiwa na rafiki mwenye sanduku la zamani, lisilo na ugonjwa, na aombe kipande cha sponji yake chafu. Hakuna zawadi bora kuliko hiyo, ingawa yaonekana kama takataka!

Atajuaje kwamba maji yako tayari? Si kwa kuyatazama. Iko dawa ya kupimia: matone machache katika maji kidogo, rangi inabadilika. Kwanza amonia hupanda, halafu hushuka huku nitriti ikipanda, na mwishoni nitriti nayo hushuka. Siku amonia na nitriti zote mbili hazionekani tena, samaki waweza kuingia.

Hata hivyo wasiingie wote pamoja. Hesabu ya mikrobi hufuata hesabu ya chakula chao. Aanze na samaki wachache, angoje majuma mawili, apime maji, ndipo aongeze.

Na wawe samaki wapatanao. Yuko samaki mmoja wa Kongo, dume lake lina sentimetre 8 hivi, magamba yang'aa kama upinde wa mvua, na katikati ya mkia nyuzi zimezidi urefu. Huyo hapendi kukaa peke yake. Wawe 6 au zaidi, katika sanduku refu. Mwenzake mzuri ni kambare mmoja mdogo wa mto huo huo, aogeleaye chali, tumbo juu! Tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Mbenga asiwekwe kamwe: angewala wote, na yeye akikua hupita metre moja. Wala samaki wa ziwa Tanganika wasichanganywe nao. Maji ya vijito vya msituni hayana chokaa nyingi, na rangi yake ni kama chai. Maji ya Tanganika yana chumvichumvi za mawe kwa wingi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa sumu kali zaidi.

Kila juma robo ya maji hutolewa, yakatiwa mapya. Maji ya robine yana klorini, dawa iuayo mikrobi, basi huachwa katika ndoo wazi siku moja au mbili klorini itoke. Sponji haioshwi kwa robine, bali husukwasukwa katika maji yaliyotoka sandukuni. Nayo maji hayo machafu, yaliyojaa nitrati, hayamwagwi njiani: humwagiliwa mchicha na nyanya.