Kalipa ya Saa na Kalipa ya Tarakimu: Ipi Imfaayo Fundi?

Kipimo ndicho msingi wa kazi ya chuma. Seremala akikosea nusu ya milimita katika mguu wa meza, mwenye meza hatatambua kitu. Lakini mkereza chuma akikosea hata sehemu ya kumi ya hiyo nusu milimita katika shafti ya mashine ya kusagia mahindi, beringi italegea juu ya shafti, itazunguka mahali isipopaswa kuzunguka, itapata moto, na haitachukua siku nyingi mashine itasimama. Hapo wale waliokuja na mahindi yao kutoka mbali hurudi nyumbani bila unga, mwenye mashine hukosa mapato, na fundi huharibu jina lake.

Chombo kinachotumika zaidi katika karakana kwa kupima vitu vya namna hii ni kalipa. Ni upau wa chuma wenye alama za milimita, na juu yake kipande kinachoteleza. Mataya mawili makubwa yaliyo chini hushika kitu kwa nje, mataya mawili madogo yaliyo juu hupima ndani ya tundu, na ulimi mwembamba unaotokea mwishoni hupima kina. Chombo kimoja, basi, hufanya kazi tatu.

ASILI YAKE

Namna ya kusoma sehemu ndogo za kipimo kwa kulinganisha safu mbili za alama ilielezwa mwaka 1631 na Mfaransa aitwaye Pierre Vernier, na hata leo kalipa ya alama tupu huitwa kwa jina lake. Mwaka 1851 fundi Mmarekani, Joseph Brown, alitengeneza kalipa ya aina hiyo iliyoweza kusoma sehemu ya elfu ya inchi, na mafundi wa kawaida wakaipata. Kalipa hiyo ya zamani ingali nzuri, lakini yataka macho makali, mwanga wa kutosha na subira. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea aina mbili zilizokuja baadaye: kalipa ya saa na kalipa ya tarakimu.

KALIPA YA SAA

Kalipa hii huitwa hivyo kwa kuwa ina uso wa mviringo wenye mshale, kama uso wa saa. Ndani ya upau mna mstari wa meno madogo sana, na kipande kinachoteleza kina gurudumu dogo la meno linalozunguka juu ya mstari huo. Gurudumu hilo ndilo linalougeuza mshale. Kalipa nyingi za milimita zina alama za milimita 0.02, na mshale ukizunguka mara moja ni milimita 2.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba haihitaji betri. Fundi aliye mbali na maduka anaweza kuiweka sandukuni mwaka mzima, na siku atakapoitoa itafanya kazi. Sifa ya pili ni kwamba jicho huuona mwendo wa mshale. Fundi akiizungusha shafti polepole katikati ya mataya, mshale ukitikisika huku na huku atajua mara moja kwamba shafti si mviringo kamili, hata kabla ya kusoma namba yo yote.

Kasoro zake nazo zijulikane. Meno yale ni madogo, na unga wa chuma ukiingia humo, mshale huruka meno. Tangu hapo, mataya yakifungwa, mshale hausimami tena juu ya sifuri. Mshtuko wa kuangushwa sakafuni huweza kuleta dhara hilo hilo. Tena, kipimo husomwa kwa hatua mbili: milimita nzima kwenye upau, na sehemu zake kwenye uso wa saa. Mtu aliyechoka huweza kuusoma mshale vizuri kabisa na huku amekosea milimita 2 nzima juu ya upau.

KALIPA YA TARAKIMU

Kalipa ya tarakimu ilienea katika karakana za dunia tangu miaka ya 1980. Haina meno wala mshale. Katika aina iliyo ya kawaida, vipande vyembamba vya shaba vimepangwa kando ya upau na ndani ya kipande kinachoteleza. Umeme mdogo wa betri hutambua jinsi vipande hivyo vinavyopishana, na kipimo huonekana kwa namba katika kidirisha. Namba ya mwisho huwa ya milimita 0.01.

Faida ya kwanza ni wepesi wa kusoma: hata mwanafunzi wa ufundi wa siku ya kwanza hatakosea milimita nzima. Faida ya pili ni kwamba, kwa kubonyeza kitufe, kipimo hugeuka kutoka milimita kuwa inchi. Jambo hili si dogo katika nchi yetu, ambako mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa inchi na vipuri vipya huja kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kama nchi zinazotumia inchi zilivyopatana mwaka 1959.

Faida ya tatu ni kwamba sifuri inaweza kuwekwa po pote. Tuseme fundi anataka kujua umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo sawa kwa ukubwa. Atapima kwanza upana wa tundu moja kwa mataya madogo, atabonyeza sifuri, kisha atapima kutoka ukingo wa nje wa tundu la kwanza hadi ukingo wa nje wa tundu la pili. Namba itakayoonekana ndiyo umbali wenyewe wa kitovu hadi kitovu, bila hesabu yo yote.

Lakini kalipa hii ni mtumwa wa betri yake. Nyingi zilizo za bei nafuu huendelea kula betri hata kidirisha kikiwa kimezimwa, na betri ikidhoofika namba huanza kuchezacheza. Maji na mafuta ya kupozea chuma yakiingia, namba hudanganya au hupotea kabisa. Ziko zilizozibwa zisipenye maji wala vumbi, ila bei yake ni kubwa zaidi. Atakayenunua betri na achague ile ya oksidi ya fedha, kwa kuwa nguvu yake haishuki kidogo kidogo bali hubaki sawasawa mpaka karibu na mwisho.

NAMBA NYINGI SI USAHIHI

Hapa ndipo wengi hupotea. Kidirisha kikionyesha milimita 24.98, mtu hudhani kwamba amepata ukweli mpaka tarakimu ya mwisho. Sivyo. Kuonyesha ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo jingine. Kalipa njema ya tarakimu ya milimita 150, iliyotoka katika kiwanda cha kuaminika, hukubaliwa kukosea kwa milimita 0.02 juu au chini. Katika jambo hili kalipa ya saa iliyo njema haiachwi nyuma sana na ile ya tarakimu.

Sababu moja iko katika umbo la kalipa yenyewe. Mjerumani Ernst Abbe alieleza mwaka 1890 kwamba kipimo huwa sahihi zaidi kitu kinachopimwa kikiwa katika mstari mmoja na alama za kupimia. Katika kalipa, alama ziko kwenye upau na kitu kiko chini, katikati ya mataya. Fundi akikaza kidole gumba kupita kiasi, taya huinama kidogo, na kipimo huharibika. Mikromita haina kasoro hiyo, kwa kuwa alama zake na kitu chake hufuata mstari mmoja.

Turudi sasa kwenye shafti. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25. Kipimo kinachotumika sana kwa shafti ya kuibana beringi hiyo barabara ni kizidi milimita 25 kwa 0.002 hadi 0.015. Kosa la kalipa peke yake ni kubwa kuliko nafasi yote hiyo. Basi kwa kazi hii, kalipa ya saa haitoshi, wala ya tarakimu haitoshi. Fundi atumie kalipa mpaka akaribie, kisha amalize kwa mikromita.

Joto nalo lisisahauliwe. Vipimo vya ufundi duniani huhesabiwa kwa joto la digrii 20 za Selsiasi. Chuma cha pua chenye urefu wa milimita 100 kikizidi kwa digrii 10 huongezeka karibu milimita 0.012. Kwa hiyo kitu kilichotoka sasa hivi katika mashine ya kukereza kiachwe kipoe kwanza, wala kalipa isianikwe juani.

YUPI ACHUKUE IPI

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini fundi wa vipimo hana budi kuchagua, naye achague kwa kuitazama kazi yake. Afanyaye kazi penye unga mwingi wa chuma na jiwe la kunoa, kama ilivyo katika karakana nyingi za jua kali, ajue kwamba meno ya kalipa ya saa hayatastahimili asipoyasafisha kila siku. Afanyaye kazi penye maji na mafuta asichukue kalipa ya tarakimu isiyozibwa. Aliye mbali na maduka ya betri achukue ya saa. Anayechanganya inchi na milimita kila siku, au ambaye macho yake yamepungua, achukue ya tarakimu.

Na mnunuzi asidanganywe na jina lililoandikwa juu ya chombo, kwa kuwa majina ya viwanda mashuhuri hughushiwa. Afunge mataya na kuyaelekeza kwenye mwanga: mwanga usipenye katikati. Ayafungue na kuyafunga mara kumi: sifuri irudi pale pale kila mara. Kisha apime kitu chenye kipimo kinachojulikana. Beringi mpya iliyo halisi yafaa kwa jaribio hilo. 6205 ina upana wa nje wa milimita 52, na haipaswi kupungua kwa zaidi ya milimita 0.013. Mwenye karakana kubwa apeleke vyombo vyake kukaguliwa. Shirika la Viwango la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1974, lina maabara ya kazi hiyo.

Baada ya kununua, utunzaji ni ule ule kwa aina zote mbili. Mataya yapanguswe kwa kitambaa safi kabla ya kila kipimo. Kalipa isitumiwe kuchorea chuma wala kufungulia kopo la rangi. Isitupwe sandukuni pamoja na nyundo na tupa, bali ikae katika kasha lake, na ile ya tarakimu itolewe betri ikiwa haitatumika kwa muda mrefu. Kipimo kimoja kisiaminiwe: kipimwe mara tatu, mahali tofauti. Fundi ashikaye desturi hizo kwa kalipa ya bei ya kadiri atafanya kazi bora kuliko mwenye kalipa ya thamani asiyeijali, na mashine aliyoitengeneza itaendelea kusaga.