Mipira Mikuukuu ya Msitu wa Mepo

Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yanapoganda na mchana barafu ikayeyuka, utomvu huanza kutiririka ndani ya miti ya mepo (maple) ya Quebec, nchini Kanada, na Vermont, nchini Marekani. Mkulima hutoboa shina kwa kekee, tundu la kina cha sentimeta 4 hivi, kisha akapachika mrija. Msomaji wa pwani atamfananisha na mgema wa mnazi, ila huyu hapandi juu, na anachokigema huchemshwa kikawa shira tamu. Lita 40 hivi za utomvu hutoa lita 1 tu ya shira.

Zamani kila mti ulitundikwa ndoo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ndoo zimekuwa zikiipisha mipira ya plastiki. Mipira myembamba, yenye upana wa milimita 8 hivi kwa ndani, hupita mti hadi mti na kuingia kwenye bomba nene lililofungwa kwenye waya wa chuma, nalo huteremka hadi kwenye tangi. Mashamba mengi huongeza pampu ya kunyonya hewa ili utomvu utoke kwa wingi. Shamba la maelfu ya miti huwa na kilomita nyingi za plastiki zilizotandazwa msituni.

Plastiki hiyo huchoka. Jua huikausha hadi ikapasuka, kindi huitafuna, na bakteria huota kwenye kuta zake za ndani. Bakteria hao wakiingia kwenye tundu, mti huziba jeraha mapema na utomvu hupungua. Ndiyo sababu wakulima wengi hubadilisha mirija ya kupachika kila mwaka, ingawa kwa macho bado ni mizima.

Basi mabaki yaende wapi? Yanaweza kuyeyushwa upya kiwandani, na hapa ndipo kemia inapoingia. Mipira mingi hutengenezwa kwa polietilini. Viungio vyake huwa vya nailoni, polikaboneti au polipropilini, na vya zamani vipo vya PVC. Sisi huviita vyote plastiki, lakini moto huvitenganisha. Polietilini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, ilhali nailoni huhitaji zaidi ya nyuzi 200. PVC ikipata joto hilo hutoa gesi yenye asidi inayokula mashine. Ukivisaga na kuviyeyusha pamoja, unapata bonge lisiloshikamana, linalovunjika upesi.

Maji husaidia kuvichambua: polietilini huelea, nailoni, polikaboneti na PVC huzama. Polipropilini nayo huelea, kwa hiyo maji peke yake hayamalizi kazi. Tena kiungio kikiwa bado kimeng'ang'ania ndani ya mpira kwa meno yake, viwili hivyo huelea au kuzama pamoja. Njia ya uhakika ni kukata kila kiungio pale pale mtini, siku mpira unaposhushwa. Waya nao uondolewe, maana huharibu visu vya kusagia, na matope na masalia ya sukari yaoshwe.

Kabla ya kufika kiwandani, mpira mkuukuu una kazi nyingine. Ukipasuliwa kwa urefu, huvishwa waya unaozunguka shina ili usikate gome. Vipande vyake hufungia miche kwenye vigingi, na bomba nene hupindwa likawa tao la kitalu. Usichomwe tu: moshi wa viungio vya PVC vilivyosalia ndani yake una dioksini, sumu inayodumu miaka mingi mwilini. Wala usiachwe msituni, kwani hauozi. Humeguka vipande vidogo vidogo vinavyobaki udongoni.

Somo hili haliishii kwenye theluji. Mipira ya umwagiliaji wa matone kwenye mashamba ya nyanya ya Kenya na Tanzania ni ya ukoo huo huo wa polietilini, na huchakaa kwa jua lile lile. Kinachoamua kama itazaliwa upya ni mkono wa mkulima. Siku ya kuing'oa, chukua kisu na magunia mawili: moja la mipira, jingine la viungio. Kuvitenga shambani ni kazi ya asubuhi moja. Vikishayeyuka pamoja, havitengiki tena.